Kona Isiyoshindiliwa

Asubuhi za likizo zilikuwa na mpango uleule. Msichana aamke, afagie ua, aoshe vyombo vya usiku, kisha ampelekee bibi yake maji ya moto ya kunawia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alikuwa na jina zuri la shuleni, lakini nyumbani wote walimwita Chapchap, kwa sababu kila alichoshika alikimaliza kabla hujageuka. Vyombo alivyoosha vilirudi kabatini na povu la sabuni. Ua aliofagia uling'aa katikati, na taka zake zilijificha nyuma ya pipa. Mama yake alishasema mpaka akachoka.

Siku hiyo alimkuta bibi ameketi kitandani, uso umeelekea dirishani. Fremu yake ya kutembelea ilikuwa imeegemezwa ukutani kama kitu cha mgeni aliyekisahau.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu ameshaanza kunyoa watu?"

Mume mwenyewe alikuwa baba yake Chapchap, kinyozi, mtoto wa bibi. Utani huo ulikuwa wa kila siku. Chapchap alicheka, akaweka beseni chini, akamwomba bibi watoke nje kidogo waote jua. Bibi akajibu kama alivyojibu tangu siku alipoanguka.

"Mimi na ile njia tumeachana. Ibaki na nyufa zake, na mimi nibaki na nyonga yangu."

Njia aliyoisema ilikuwa ile ya zege iliyopita mbele ya nyumba, ya waenda kwa miguu. Zamani bibi aliipita kila jioni kwenda kwa shoga yake, mkunga mstaafu, nyumba chache mbele. Walikaa wakasengenya mtaa mzima, na bibi akarudi mbavu zikimuuma kwa kucheka. Lakini zege la hapo mbele lilikuwa limepasuka. Kipande kimoja kilididimia karibu na lango na cha pembeni yake kikabaki juu, kikaacha ukingo wa kukwaa vidole. Bibi akakwaa hapo. Chapchap alikuwa nyuma yake na aliusikia mlio wa nyonga ikigonga chini. Mlio huo hakuusahau.

Hospitali walimtibu vizuri, wakampa fremu na kumwambia atembee kila siku. Bibi hakutembea. Alikula nusu sahani, halafu robo. Mkunga alikuja kumtazama mara moja moja, lakini naye magoti yalikuwa mabovu na ukingo uleule ulimtisha. Chapchap alimwona bibi yake akisinyaa mle chumbani, na kila mtu mzima aliyemuuliza alimwambia bibi ni mzee tu. Yeye hakukubali. Bibi hakuwa mzee hivyo kabla ya ile njia.

Baba alikuwa amejaribu. Kila mvua zikiisha alichukua saruji kidogo, akaikoroga kwenye ndoo ya dukani kwake na kuipaka juu ya nyufa. Kiraka kilipendeza kwa wiki chache, kisha kikabanduka kama ngozi iliyoungua. Mwisho mama aliingilia kati. Alimwambia mumewe amwite dada yake.

Shangazi alikuja siku iliyofuata akisukuma toroli lililojaa vifaa. Alikuwa fundi mwashi wa miaka mingi, mwanamke mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Alijua kazi yake na hakuona aibu kusema anaijua. Akaangalia viraka vya baba, akamwangalia na baba mwenyewe.

"Kaka, wewe nyoa watu," alisema. "Ukikosea kichwa cha mtu, nywele huota tena. Zege halioti."

Wateja waliokuwa kwenye benchi la kinyozi wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, maana angefanya nini.

Shangazi akagonga kile kipande kilichodidimia kwa mpini wa nyundo. Kikalia kama debe tupu. Akamwita Chapchap asikilize, kisha akagonga kipande kizima cha mbele zaidi, nacho kikalia kizito, bila mwangwi. Akamweleza kwamba chini ya kile cha kwanza hapakuwa na udongo tena. Akamwonyesha bomba lililoteremsha maji ya mvua kutoka paani: lilimwaga maji yote palepale, yakachimba chini kwa chini mwaka hadi mwaka. Zege lilibaki limeelea hewani, na siku moja likachoka. Ungelipaka saruji mpaka kiama lingedidimia tu.

Wakavunja. Nyundo kubwa ilikuwa ya shangazi na sururu ya baba. Vipande vilipotolewa, kweli, pango lilikuwepo, mtu angeweza kulaza mbuzi ndani. Chapchap alimtazama shangazi yake akifanya kazi na akaisahau hata kiu. Hakupoteza pigo hata moja. Alikata ukingo wa zege zima kwa tindo ukanyooka kama umekatwa kwa kisu. Akaunga bomba la mvua ili maji yaende mtaroni. Akapanga mbao pembeni, akavuta kamba, akalaza pimamaji na kurekebisha kwa upana wa ukucha ili maji yateleze kuelekea barabarani, kidogo tu, mguu usijue.

Kilichobaki kilikuwa kujaza shimo kwa kifusi. Shangazi akamkabidhi Chapchap kona ya langoni na gogo zito lenye mpini. Akamfundisha mwenyewe: mwaga kifusi kidogo, nyunyizia maji, shindilia mpaka gogo lirukie juu na mlio ubadilike, ndipo umwage kingine. Akasema kona ile ni yake, hatamsimamia, yeye ana upande wake wa kushughulikia.

Tabaka la kwanza Chapchap alilishindilia kwa moyo wote. La pili kwa nusu moyo, maana mikono ilianza kuwaka. Hapo akatokea rafiki yake, binti wa fundi cherehani, na kamba ya kuruka begani.

"Wewe fundi," alimwita, "wenzako wote wameshafika uwanjani. Au siku hizi unalipwa kwa kuchafuka?"

Akamjibu amngoje kidogo. Akatupa jicho upande wa shangazi, akaona mgongo tu. Basi akamwaga kifusi chote kilichobaki kwa mara moja, akakikanyagakanyaga juu, akakisawazisha kwa koleo mpaka kikawa laini kama meza. Kona ikajaa. Akakimbilia kwenye kamba.

Aliporudi jioni alimkuta shangazi ameinama pale langoni na pimamaji. Akajua amekamatwa. Lakini shangazi aliinuka akitabasamu, akamwambia mama mbele yake kwamba mtoto huyu amechukua mkono wa shangazi yake, kona imelala sawa kuliko kiraka chochote cha baba yake. Chapchap akasema asante, shangazi. Sifa ile ilimchoma kama mwiba wa samaki.

Asubuhi watu walijaa mbele ya nyumba. Baba alifunga duka, jirani mmoja akaja kusaidia kukoroga. Kokoto, mchanga, saruji na maji vikageuzwa na kugeuzwa tena mpaka rangi ikawa moja. Mama alimtoa bibi chumbani, akamketisha kwenye kiti mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, na bibi hakukataa. Alitaka kumwona binti yake akimtuma kaka yake.

"Mtazame mume wetu anavyotoka jasho," alimwambia Chapchap. Kisha akanyoosha kidole kuelekea langoni. "Pale ndipo nitakapoanza kukanyaga. Shangazi yako amesema nikanyage bila woga. Nami nimemwambia sawa."

Toroli la kwanza lilikuwa limeshajaa. Baba akaliinua na kuliviringisha kuelekea kona ya langoni, maana hapo ndipo shangazi alipotaka kuanzia.

Chapchap alijua bila kuambiwa kwamba zege likishamwagwa hakuna atakayejua. Zege lingefunika kila kitu, njia ingependeza, sifa zingebaki. Aliona pia fremu ya bibi ikikanyaga pale, leo, kesho, mvua moja, mvua mbili. Akatembea mpaka mbele ya toroli na kusimama.

"Shangazi, msimwage. Kona hii sikuishindilia. Nilimwaga kifusi chote mara moja nikaenda kucheza."

Baba aliweka toroli chini kwa kishindo. Alianza kufoka kwamba zege linakauka, kwamba amefunga duka, kwamba mtoto huyu atamuua. Shangazi akamwinulia mkono anyamaze. Akachukua nondo, akaichomeka kwenye ile kona nzuri iliyo laini kama meza. Ikazama kama kijiko kwenye uji.

Akaichomoa, akaifuta udongo.

"Kaka, geuza toroli," alisema. "Tunaanzia upande ule mwingine. Na wewe, Chapchap, fukua kona yako yote ujaze upya. Tutakapofika hapa, iwe tayari. Na usinikimbize wala usikimbie. Ukiruka tabaka moja, nitajua, na safari hii nitapima."

Chapchap akafukua. Nyuma yake alisikia matoroli yakija na kwenda, yakimkaribia, na kila alipotaka kuongeza mwendo alijikuta anaukumbuka mlio ule wa nyonga. Akamwaga kifusi kidogo. Akanyunyizia maji. Akashindilia. Malengelenge yakatokea viganjani, yakapasuka, akafunga kitambaa akaendelea. Baadaye kidogo kivuli kikamwangukia: baba, na ndoo ya maji. Alinyunyizia kila tabaka alipoambiwa na akangoja. Mlio wa gogo ulikuwa bup, bup, halafu polepole ukawa mkavu, gogo likaanza kurukia juu lenyewe.

Shangazi alikuja na nondo yake. Akaisukuma kwa uzito wa mabega yake yote. Haikuingia. Akajaribu upande wa pili, akajaribu katikati. Akaitupa kando na kusema, "Mwaga."

Zege likamwagwa. Shangazi akalisawazisha kwa ubao mrefu, akapitisha mwiko, na mwisho akaburuta ufagio juu yake, taratibu, ili uso ubaki na mikwaruzo ya kushika kiatu siku za mvua. Bibi, ambaye hakuwahi kumsifu mtu bila kumtania, safari hii aliusahau hata utani.

Wakalifunika kwa magunia mabichi. Kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni ilikuwa kazi ya Chapchap, ili zege likomae bila kupasuka. Hakuna aliyemkumbusha. Rafiki yake alikuja tena na kamba, akaambiwa angoje mpaka magunia yaloe, akakaa ukutani akangoja, akimwita mama mwenye nyumba.

Siku ya kuyaondoa shangazi alirudi. Akagonga kona ya langoni kwa mpini wa nyundo, na zege likalia zito kama jiwe la mlimani. Bibi akatoka na fremu yake. Alisimama langoni kidogo, akavuta pumzi, akaweka fremu mbele, akakanyaga. Chapchap alitaka kumshika mkono. Shangazi akamvuta nyuma.

"Mwache," alisema. "Sasa sikiliza. Nimefundisha vijana wengi kazi hii. Wa kushindilia nawapata. Wa kusimama mbele ya toroli lililojaa akaniambia ameharibu, hao sijawapata wengi. Ulifanya vibaya kunidanganya, na mimi nilifanya vibaya kukusifu kabla ya kupima. Lakini ulisema wakati bado tunaweza kurekebisha. Hivyo ndivyo ufanye siku zote, iwe shule, iwe jikoni, iwe popote. Kusema kabla zege halijamwagwa ni kufanya kazi. Kusema baada ya mtu kuanguka ni kutoa pole tu."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Nionyeshe viganja."

Akavishika, akaviangalia kama anavyoangalia ukuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mbele yao, mkunga alikuwa ameshatoka kwake na kusimama nje akipunga mkono, akipiga kelele kwamba umbeya umemwozea tumboni kwa kukosa wa kumwambia. Bibi akamjibu kitu ambacho watoto hawapaswi kusikia. Fremu iligonga zege, mguu ukafuata, fremu tena, mguu tena. Alipita kona, akapita kipande cha pili na cha tatu, akicheka na shoga yake, na hakutazama chini hata mara moja.