Paka Niliyempa Jina la Siniva

Yaliyompata jirani husimuliwa kwa raha. Haya yalinipata mimi, Folole, nyumbani kwetu pwani ya kusini ya kisiwa cha Savai'i, kwa hiyo mtanivumilia nikisita mahali.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nakuna nazi za chakula cha Jumapili, na Shangazi Mareta yuko kando yangu anamenya magimbi. Jirani yetu Tavita akaja na kikapu, ndani yake mna kitoto cha paka, kijivu, sikio moja jeupe.

"Chukua huyu, Folole. Mama yake kazalia kwenye sanduku la vitabu vya nyimbo. Mchungaji akiimba, nao wanaimba."

Shangazi akacheka. "Mwite Pusi. Paka wote wa kijiji hiki ni Pusi na hakuna aliyelalamika."

"Huyu ni Siniva," nikasema.

Kisu cha Shangazi kikasimama kwenye gimbi. Tavita, ambaye hajui kunyamaza, akasema jina hilo ni kubwa kwa paka, labda nimpeleke kwanza akabatizwe. Kisha akatazama nje, uani, akaona alichokisahau, akaaga haraka.

Siniva alikuwa mdogo wangu. Alikuwa na miezi minne tu kaburini, chini ya saruji nyeupe, mbele ya nyumba, hatua kumi kutoka mlangoni, pamoja na babu na bibi.

"Jina la mtu aliyelala pale unampa mnyama?" Shangazi aliniuliza kwa sauti ya chini tulipobaki wawili.

Nikamjibu kwamba ni mapenzi tu. Nilidanganya, na haukuwa uongo wangu wa kwanza. Nilitaka kuliita lile jina na kuona kitu kinakuja. Ndiyo sababu yote.

Kumfundisha paka jina lake ni kazi ya subira. Nilifungua kopo la samaki, nikagonga bati kwa uma mara mbili, ko, ko, nikasema "Siniva" kwa upole, mara moja. Akija, kipande kidogo. Asipokuja, kimya. Jina huliiti mara tatu, mara nne, kwa sababu hapo unamfundisha kwamba anaweza kusikia na asije. Wala huliiti kwa hasira. Siku ya kwanza unaita ukiwa umekaa naye. Siku ya pili unasogea hatua mbili. Siku ya tatu unaitia mlangoni.

Haya nilikuwa nayajua vizuri, na kila nilipoyafanya yalinichoma.

Siniva alikuwa na pumu tangu utotoni, na mgonjwa wa nyumbani huita. Folole, maji. Folole, nipepee. Folole, njoo unihadithie nani kapita barabarani. Siku ile tulikuwa tumegombana asubuhi, hata sikumbuki kwa nini. Mchana nilikuwa kwenye banda la nyuma nasuka mkeka mzuri wa ukoo, ule tulioanza pamoja yeye na mimi, na Shangazi alikuwa shambani. Akaniita. Nikamaliza ukili. Akaita tena. Nikajiambia, ana miguu. Mara ya tatu sauti ilikuwa fupi. Mara ya nne ilikuwa pumzi tupu yenye jina langu ndani yake. Niliisikia. Nilizisikia zote.

Kisha mvua ikaanza kupiga bati, na mimi nikaendelea kusuka.

Tulimkuta kizingitini. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebingirika chini ya kitanda. Watu waliponiuliza, nilisema mvua ilikuwa kubwa, sikusikia kitu. Wote waliniamini. Waliniletea chakula, wakanishika mabega.

Basi paka akajifunza. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nagonga kopo jikoni naye anatoka mbio mgombani, mkia juu. Tatizo lilikuwa moja tu, alipenda kulala juu ya kaburi, kwa sababu saruji ile hushika joto la jua mpaka jioni. Kwa hiyo mara nyingi nilikuwa nasimama mlangoni, nimelikabili kaburi la mdogo wangu, nagonga kopo na kuliita jina lake. Sikuliona kosa. Au niliona nikajifanya hamnazo.

Jioni moja kombe la baharini likapulizwa kuashiria saa ya sala. Kijijini kwetu likishalia, barabara huwa tupu, kila nyumba hukaa chini, na hakuna anayepaza sauti mpaka sala iishe. Hata mtoto anayelia hutolewa nyuma. Shangazi alikuwa ameshafungua Biblia. Paka sikumwona ndani, na siku hizo mbwa wa kwa Tavita walikuwa wakali.

Nikasimama mlangoni na kopo.

"Folole, kaa," Shangazi akanong'ona.

Ko, ko. "Siniva."

"Abee."

Ilitoka kaburini. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa na ule mluzi mwembamba wa kifua, ambao nililala nao chumba kimoja miaka ishirini na mitatu.

Paka akatokea, lakini alitokea nyuma yangu, upande wa jikoni. Alikuwa ndani ya nyumba muda wote. Akasimama miguuni pangu, manyoya yamemsimama, akitazama ninapotazama. Kisha manyoya yakalala. Akashuka ngazi taratibu, akaenda kule, akapotea nyuma ya saruji.

Hakurudi usiku ule. Wala kesho yake.

Siku ya pili jioni, kombe lilipolia, nilikuwa nimekaa chini na Shangazi, mikono imeshikana. Sikuwa na kopo. Nilikuwa nimelitupa.

Ko, ko.

"Folole."

Kwa upole. Mara moja tu.

Sikuitika. Shangazi aliendelea kusoma, ila kidole chake kilisimama kwenye mstari.

Siku ya tatu, ko, ko, lakini mbali kidogo, upande wa pili wa kaburi. "Folole." Siku ya nne, mbali zaidi, kwenye mishelisheli. Nilielewa kinachofanyika. Hatua mbili, kisha tatu. Ilikuwa njia yangu mwenyewe. Nilikuwa nafundishwa jina langu.

Siku ya tano nilijikuta nimesimama ngazini, mguu mmoja chini, na sikumbuki kuinuka.

Shangazi alinivuta kwa nguo. Alinikalisha. Sala ilipokwisha, akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Wewe umesikia nini?"

"Bati. Mtu anagonga bati." Akanigeuzia uso. "Nakuuliza tena, mwanangu."

Ndipo nikasema. Sikulia, nilisema tu kama mtu anayetapika. "Shangazi, mvua haikuwa imeanza. Aliponiita mvua haikuwa imeanza. Aliita mara nne nikasuka."

Nilitegemea anipige. Ingekuwa afadhali. Yeye ndiye aliyemwosha Siniva. Ndiye aliyekuwa akinipa kipande kikubwa cha samaki kila jioni tangu msiba, akisema nimekonda kwa huzuni. Alifunga Biblia, akavua miwani, akafuta vioo ambavyo havikuwa na kitu.

"Usiniambie mimi," akasema hatimaye. "Anayestahili kuambiwa yuko pale nje. Unajua inavyofanywa."

Nilijua. Kwetu mwenye kosa kubwa huenda alfajiri mbele ya nyumba ya aliyemkosea, akaketi chini, akajifunika mkeka mzuri kichwa na mwili, akanyamaza. Anangoja. Wenye nyumba wakitaka kumsamehe, hutoka, wakaufunua mkeka ule, wakamwingiza ndani. Wasipotaka, yeye hukaa hapo mpaka aaibike na jua. Anayeufunua ni aliyekosewa, si mwingine. Ila sijawahi kusikia mtu aliyefanya hivyo mbele ya kaburi.

Mkeka ulikuwa ule ule. Nusu kasuka yeye, nusu nimesuka mimi. Ukiujua ufumaji wake unaona palipobadilika mkono, na palipobadilika ndipo palipokuwa siku ile.

Kukiwa kunapambazuka nikatoka. Nikaketi kwenye majani yenye umande, magoti yakigusa saruji, nikajifunika. Chini ya mkeka mlikuwa na giza jekundu na harufu ya miyaa ya mkadi. Nilisikia jogoo wa Tavita. Nilisikia bahari. Kisha sikusikia jogoo wala bahari.

Ko, ko.

"Folole."

Nilifumba macho. "Abee," nikasema. "Abee, Siniva. Nipo. Nilikusikia. Mara zote nne. Sikuja."

Nikangoja.

Kisha hatua. Miguu mitupu, yenye maji, juu ya saruji. Na mluzi wa kifua. Ulikuja karibu. Ukawa juu ya kichwa changu. Mkeka ukasogea pembeni, kwenye goti langu la kushoto, ukainuka upana wa kidole, na baridi ikaingia.

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa tayari kwa lolote. Anifunue anisamehe. Anifunue anichukue. Vyote viwili vilikuwa haki yake, nami nilivitaka vyote viwili.

Kitu kidogo kikapita gotini, chenye manyoya. Mkia ukanipapasa mkono. Kikaruka juu ya saruji.

"Folole," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa na kicheko ndani, kile kicheko chake cha chinichini alichokuwa nacho nikimletea maji. "Umekuja. Umekuja, mama. Wewe unakuja."

Nikasikia ulimi unalamba. Nikasikia kukoroma kwa raha.

Hakuwa ananiita mimi. Siku zote zile hakuwa ananiita mimi.

Niliendelea kuketi. Jua likapanda. Watoto wa shule walipita barabarani, na wakaacha kucheka walipofika kwetu. Shangazi akaja akaketi pembeni yangu, nikaiona miguu yake chini ya ukingo. Hakuugusa mkeka. Haikuwa kazi yake, na nafikiri hata ingekuwa yake asingeugusa siku ile. Jogoo akawika mchana. Hakuna aliyenifunua. Nilijifunua mwenyewe.

Paka alikuwa amelala juu ya saruji, tumbo juani. Siku tano hakuonekana, na alikuwa amenenepa.

Sasa ni miaka miwili. Jina la Siniva paka haliitikii. Hata ukigonga kopo, hata ukipaka samaki kidoleni, ukimwita Siniva anakutazama kama mgeni. Lakini Tavita akipita uchochoroni akaniita, "Folole, una chumvi?", paka anatoka popote alipo, anakimbia, anafika kabla yangu. Tavita huona ni kichekesho. Anawaleta watu waje wamwone paka aliyeiba jina la anayemfuga. Nami hucheka nao.

Shangazi hunisemesha vizuri. Kipande kikubwa cha samaki amerudi kukiweka kwenye sahani yake.

Hata hivyo samaki wa kopo hatununui tena. Tangu asubuhi ile hakuna kopo lililoingia nyumbani kwetu, na Tavita hula wa baharini tu. Kila jioni kombe likilia, paka huinua masikio, lile jeupe kwanza. Hushuka ngazi, huenda nyuma ya kaburi, hukaa huko muda wa zaburi moja. Sisi tunasoma. Akirudi huja kujilaza mapajani mwangu, na sharubu zake zina mafuta. Ukimfuta kwa kitambaa, kitambaa kinanuka samaki wa kopo.