Kiu ya Kiti cha Nyuma

Kulipokucha, fundi aliinama chini ya gari lake na kulikuta boksi alilolitandika jana likiwa kavu kabisa. Hata tone moja. Akafungua boneti, akazungusha kifuniko cha rejeta, akachungulia ndani. Maji aliyoyajaza jana jioni hadi shingoni hayakuwepo. Na gari halikuwa limetoka uani.

"Linakunywa kama mlevi anayenunuliwa pombe," alisema mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele kwenye ungo.

"Ni ufa mdogo tu, mama. Nitaupata."

"Utaupata. Ila sisi wa kuchota tutakuwa tumekwisha migongo."

Mkewe alicheka kutoka ndani, mtoto mchanga akinyonya. Fundi hakucheka. Mtaani walimwita Sikio, kwa sababu gari lilipopita tu barabarani aliweza kusema beringi ipi imelegea. Na sasa gari lake mwenyewe, gari kuukuu lenye mabati mazima na injini aliyoifungua na kuifunga kwa mikono yake mpaka ikawa inanguruma kama mpya, lilikuwa linamwaibisha mbele ya mafundi wenzake. "Sikio limeingia nta," walisema, wakashikana mikono kwa kicheko.

Aliyemuuzia gari hilo hakubishana bei. Alipoambiwa apande arudishwe kwake, alishukuru, akakataa, akaenda zake kwa miguu juani.

Fundi alianza na mambo ya kawaida. Alibadilisha kifuniko, maana kikilegea huachia mvuke. Akakaza mipira yote ya maji. Akavuta kijiti cha oili: nyeusi, haikugeuka rangi ya maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yanaingilia huko. Akaweka kiganja nyuma ya ekzosi: hakuna moshi mweupe. Akainua zulia la miguuni: kavu. Mwisho akaazima pampu ya kupimia presha, akaifunga mdomoni mwa rejeta, na mshale ukasimama pale pale mchana kutwa. Gari halikuvuja popote. Na maji yalikuwa yanakwisha.

Mchana mmoja, gereji ikiwa imenyamaza na wenzake wamekwenda kula, alichukua bisibisi ndefu, akaegesha ncha yake kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa sikio, kama alivyozoea kufanya akitafuta mlio wa ubovu. Injini ilikuwa imezimwa, imepoa. Alitegemea kusikia kimya. Badala yake alisikia koo likimeza. Likameza tena, taratibu, kama mgonjwa anayenyweshwa kwa kijiko, kisha likatulia, akasikia ulimi mkavu ukilamba midomo, na kabla hajaitoa bisibisi sikioni, kabla hata hajajua kwamba vinyweleo vya mikono vimemsimama, ndani kabisa ya chuma kile baridi, mtu alishusha pumzi na kusema kwa sauti ya kukwaruza, "Ongeza."

Hakumwambia mtu. Alifanya kile ambacho fundi hufanya akiogopa: alifanya kazi. Akamwaga maji yote yaliyobaki, akasafisha rejeta, akajaza kulanti tupu, ile dawa ya kijani ya kupozea injini, bila kuchanganya na maji. Ile ni sumu. Hata paka akilamba hufa. Kesho yake kiwango kilikuwa pale pale. Na keshokutwa pia. Kilichokuwa humo kilikuwa kimeonja na kutema.

"Nimeliponya," aliwaambia wenzake.

Basi familia ikaanza kulipanda. Mama mkwe alipelekwa kumwona dada yake, akarudi midomo imepasuka, akanywa mtungi mzima akiwa amesimama. Akalaumu jua. Mkewe alimpeleka mtoto kliniki. Walipofika nyumbani alijaribu kumnyonyesha, mtoto akavuta, akaachia, akalia. Akavuta tena. Hakikutoka kitu. Usiku ule na siku zilizofuata aliyakamua matiti yake mpaka yakavimba kwa maumivu, na hakupata hata cha kulowesha kidole. Mtoto alilia bila machozi. Utosi wake ulianza kubonyea. Na mle garini, hata vioo vikiwa wazi, palianza kunuka mdomo wa mtu aliyeshinda na homa.

"Baba Mtoto," mkewe alimnong'oneza, "kuna mtu kwenye kiti cha nyuma. Nikigeuka simwoni. Nikitazama mbele ananihemea shingoni."

Mama mkwe ndiye aliyekwenda kumwita mganga, mwanamke mnene mwenye sauti nzito asiyependa maneno mengi. Alikuja adhuhuri. Aliingia kiti cha nyuma peke yake, na kikombe cha maji mkononi, akafunga mlango. Waliokuwa nje waliona kupitia kioo: kikombe kilikuwa kimetulia kwenye kiganja chake, hakuna aliyekigusa, na maji yalikuwa yanashuka.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Sauti ilitoka kwenye matundu ya upepo. "Niliachwa."

"Na nani?"

"Na mwanangu. Vioo juu. Jua kichwani. Nilipiga kioo mpaka kucha zikang'oka." Fundi akamkumbuka aliyemuuzia, aliyekataa kupanda.

Mganga alitoka akiwa amelowa jasho, akaketi chini. "Huyu hakuzaliwa jini," alisema. "Ni mtu aliyekaushwa humu, na kiu yake ndiyo iliyogeuka jini. Amefungwa hapo mpaka mwingine akauke mahali pake. Fundi, gari hili lisiwashwe tena. Livunje. Rejeta izikwe mbali na kisima, mengine yachomwe. Mtoto atapona."

"Nitalivunja," alisema fundi.

Alikuwa anasema kweli wakati huo. Jioni alichukua spana, akafungua boneti, akaitazama ile injini. Aliikumbuka kila nati. Aliwakumbuka wenzake walivyonyamaza alipopita nalo. Ndipo matundu ya upepo yalipomsemesha, kwa upole kama wa mzazi: "Usilivunje. Nipe mmoja tu, mimi niende, wewe ubaki na gari lako."

Fundi alisimama pale mpaka giza likaingia. Kisha akafunga boneti, akaenda mlango wa nyuma, na kwa spana ile ile akang'oa mikono ya kufungulia vioo na milango.

Mama mkwe alikuwa na miadi ya miwani. Asubuhi fundi alimwambia mkewe kwamba atampeleka mama kwa gari la rafiki, asihangaike. Walipofika kona ambako fundi alikuwa ameliegesha gari lake mwenyewe, mama mkwe alisita.

"Mkwe, si tuliambiwa lisiwashwe?"

"Nalipeleka kuvunjwa, mama. Nitakushusha njiani. Ni safari yake ya mwisho."

Mama akapanda. Alimwamini; alikuwa amemlisha kwa mkono wake tangu siku alipokuja kuposa. Baada ya mwendo kidogo alisema, "Mkwe, huku hakuna mkono wa kioo."

"Umevunjika, mama."

Aliegesha nyuma ya ghala lililofungwa, kwenye uwanja wa lami usio na kivuli. Jua lilikuwa limeanza kukolea. "Nipe hiyo chupa yako, mama, nikujazie maji ya baridi."

Akampa. "Usikawie, baba."

Fundi alifunga milango, akavuka barabara, akaketi kwenye kibanda cha vinywaji, akaagiza soda. Alikuwa na masikio yasiyokosa kitu. Alimsikia akipiga kioo kwa kiganja, halafu kwa pete ya ndoa, halafu kwa kiatu. Alimsikia akiliita jina lake, halafu jina la binti yake, halafu akimwita Mungu, na katikati ya hayo alimsikia mwingine, yule wa zamani, akicheka kwa furaha ya mfungwa anayeona mlango unafunguliwa, na sauti ya mama ikazidi kukwaruza, ikazidi kufanana na ile ya yule mwingine, mpaka hakuweza tena kuzitenganisha.

"Tafadhali ongeza redio," alimwambia mwenye kibanda.

Fundi alirudisha mikono ya vioo na milango kabla ya kuita watu, na daktari akasema ni joto na uzee. Fundi alieleza kwamba gari la rafiki lilikosekana, na kwamba mama alikataa kushuka, akasinzia, na watu wakampa pole. Siku ya mazishi maziwa ya mkewe yalirudi, yakalowesha kanga mbele ya waombolezaji. Mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Fundi alimtazama, akajiambia kwamba mzee alikuwa ameishi vya kutosha. Gari likawa halinuki tena. Akamwambia mkewe mganga amelitibu, hakuna haja ya kulivunja.

Baada ya matanga kuanuliwa, mkewe alikwenda kukaa kwenye gari hilo peke yake, kiti cha nyuma, alikofia mama yake, ili alie. Fundi alimwona kutoka dirishani. Aliona mabega yakitikisika. Kisha akaona yametulia. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza habari ndefu na hataki kuikatiza.

Alipotoka, macho yalikuwa makavu. Alikwenda bombani, akajaza ndoo, akafungua boneti mwenyewe.

"Unafanya nini?" fundi aliuliza.

"Namnywesha mama."

Tangu siku ile mdomo wa fundi ulianza kukauka. Mkewe na mtoto walipanda gari wakashuka wazima. Yeye hata akilipita tu uani, mate yalimwisha. Alikunywa mpaka tumbo likamuuma, na ulimi ukabaki kama kipande cha turubai. Alikwenda kwa mganga akitambaa na ukuta. Mganga alimtazama bila kumkaribisha kiti.

"Huyu wa sasa ana mwana," alisema. "Wa kumzuia ni mwanawe, mkeo, akitaka. Kamwombe."

Alirudi. Mkewe alikuwa uani, mtoto mgongoni, akimimina maji kwenye rejeta polepole asimwage hata tone, akisimulia mambo ya nyumbani kwa sauti ya chini: nani kajifungua, bei ya sukari, mtoto kaota jino. Kutoka ndani ya chuma kilijibu kicheko kidogo cha bibi anayefurahia mjukuu.

Fundi alipiga magoti kwenye vumbi. Alitaka kulia, macho yakamkwaruza tu. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imeshikana na mifupa.

"Mke wangu," alisema, na midomo ikapasuka pande zote mbili, bila damu. "Nakuomba. Maji."

Mkewe hakugeuka. Aliinua ndoo juu zaidi.

"Ngoja," alisema. "Mama bado anakunywa."