Mlazo Uliofungwa kwa Kamba

Walikutana soko la samaki la Rialto, Jumamosi asubuhi, mikono yao ikigongana juu ya fungu la mwisho la ngisi. Orsola alivaa koti jeusi. Baba yake alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita na hakuwa ametoa chozi hata moja.

"Chukua wewe, bibie," alisema Alvise. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha. "Mimi wino ninao wa kutosha."

"Unauza wino?"

"Nachapa kwa mkono. Herufi moja moja za madini ya risasi."

Akawa mchapaji wa kadi ya kumbukumbu ya baba, na kufika Pasaka akawa mtu wa kumpigia simu kila mchana. Lakini Orsola alitaka jambo moja: maneno ambayo baba alimwambia kila asubuhi yachapwe kwa mlazo, zile herufi nyembamba zinazoinama kidogo, kwa sababu za wima zilisikika kwake kama tangazo la serikali.

"Za mlazo hazitoshi, mpenzi," Alvise alijibu kila mara, na kadi ikabaki bila kuchapwa.

Siku moja ya Mei, akitafuta kitambaa kwenye droo ya chini karakanani kwa Alvise, Orsola alikuta mlazo mzuri ajabu, umepangwa na kufungwa kwa kamba. Alvise alikuwa amemfundisha kusoma herufi kinyumenyume. Akasoma: Alvise na Marilena, ndoa yao, tarehe 12 Juni.

Hakupiga kelele. Alichukua koti lake akaondoka, akapika wali, akaula. Alijishangaa kwamba hasikii kitu.

Siku ya tatu alipokea simu ya Alvise, aliyekuwa ameikuta droo wazi.

"Juni hiyo ni ya miaka tisa iliyopita!" Alvise alifoka. "Marilena alighairi. Ameolewa Padova, ana watoto wawili!"

"Kazi ikiisha, kila herufi inarudi kwenye kijisanduku chake. Si ulinifundisha wewe? Miaka tisa, Alvise!"

"Nilishindwa kuifungua ile kamba."

"Kumbe zilitosha. Zote umemwekea yeye."

"Ndiyo," alisema Alvise.

Kwa sababu Alvise hakudanganya, Orsola alikwenda karakanani. Walikata kamba pamoja, wakarudisha herufi polepole, maana mlazo una mikia myembamba na ukiirusha inakatika. Kisha wakapanga maneno ya baba: *Funga koti, nje kuna ukungu.* Karatasi ilipotoka, Orsola akamsikia baba kabisa. Macho yakabaki makavu.

"Kesho nataka kupanga majina mawili," Alvise alisema, akifuta mashine ambayo ilikuwa safi tayari.

"Ya nani?"

"Usijitie hujui, bwana."

Orsola akaitafuta furaha moyoni, hakuiona. Aliona tu kwamba hataki kwenda kwingine.

"Panga," alisema. "Ila ukishachapa, zirudishe kwenye vijisanduku vyake siku hiyohiyo."