Mume Wangu, Baraza la Delfi na Kura Niliyoibiwa

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, mama wa binti mmoja. Kwetu ni Morogoro, lakini kwa miaka kadhaa sasa nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Sydney. Naishi Penrith, mimi na mwanangu tu.

Wasomaji wenzangu, naandika mkasa huu nikiwa na kinyaa... ndiyo, kinyaa! Watu wakisikia ndoa ya mtu imevunjika hutarajia habari za nyumba ndogo, ulevi au kipigo. Mume wangu hakuwa mlevi. Hakuwa na hawara. Hakuwahi hata kunisukuma. Ndoa yangu iliharibiwa na baraza la Wagiriki waliokufa zamani za kale!

Msinicheke. Nisikilizeni kwanza, kisha mseme kama mnaweza kumeza chakula.

Nitamwita Baba Imani, maana ndivyo nilivyomwita siku zote. Tulikuja huku mwanzoni mwa muongo uliopita, yeye akiwa amekuja kusomea shahada ya uzamivu katika historia. Tukapanga Guildford, mtaa mwingine wa hapa Sydney. Mimi nikakamata zamu za nyumba ya wazee, yeye akakamata vitabu. Na somo lake lilikuwa moja tu: baraza lililosimamia hekalu la Delfi katika Ugiriki ya kale, pamoja na michezo iliyofanyika pale. Asubuhi Delfi, jioni Delfi. Nikiosha vyombo ananifuata jikoni na Delfi yake. Nililijua baraza lile kuliko nilivyowajua mashemeji zangu!

Alinieleza kwamba makabila kumi na mawili yalituma wajumbe wao pale, na kila kabila, kubwa kwa dogo, lilikuwa na kura mbili. Hao ndio waliotunza hekalu, ndio walioandaa michezo na kuwavisha washindi mataji ya majani. Palikuwa na ardhi yao takatifu ambayo haikuruhusiwa kulimwa. Na walikula kiapo kwamba hawatauangamiza mji wa mwanachama mwenzao, wala hawatamkatia maji, iwe wakati wa vita au wa amani.

Kiapo hicho kilinigusa sana. Mimi nimekulia mtaa ambao bomba likikauka watu wanagombana hadi kutoana meno. Nikasema, kumbe watu wale wa kale walikuwa na utu!

Wakati huo sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa tukigombana kila mwaka kwa sababu ya siku ya michezo. Wakenya walikuwa wengi, basi waamuzi ni Wakenya, ratiba ni ya Wakenya, na mbio wanashinda wao bila kutoka jasho. Wakongo wakasusa. Warundi hawakuwa wakiulizwa hata rangi ya jezi. Ndipo Baba Imani akaja na dawa yake. Akapendekeza tuwe na baraza kama la Delfi: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Waganda na Warundi, kila jumuiya kura mbili, wingi wa watu si hoja.

Watu walipiga makofi mpaka nikaona fahari. Tulipata kiwanja nyuma ya ukumbi mmoja kule Minto, jirani na maghala. Mchungaji na shehe wakakiombea. Kipande kimoja cha pembeni kikawekwa wakfu, kisilimwe wala kujengwa, kwa kuwa ndivyo walivyofanya Delfi. Na kiapo cha maji tukakila sote, tumesimama.

Kura mbili za Watanzania tulipewa mimi na mume wangu. Na hapo ndipo tulipojichimbia shimo. Kwa vile wengi wetu kazi zetu ni za zamu na mwisho wa wiki hatupatikani, baraza lilikubali kwamba mjumbe asipokuwepo, mwenzake wa jumuiya hiyo amnyooshee mkono. Mtu mmoja akatania kwamba Watanzania hawana shida, wamepeleka mke na mume, kura zao zinalala kitanda kimoja. Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka.

Mjumbe wa Warundi alikuwa Mama Goreti, mjane wa makamo aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma kabla ya kuletwa huku. Nyumba yake ilipakana na kiwanja. Huyu mama... jamani, nitamweleza vipi? Yeye ndiye aliyenilelea Imani. Nikiwa kazini, mtoto yuko kwake. Nilipofanyiwa upasuaji, yeye ndiye aliyekuja na chupa ya uji, akanikanda miguu, akafua hadi mashuka. Imani alimwita Bibi. Mmoja anasema Kiswahili, mwingine anajibu Kiingereza, na wanaelewana kuliko mimi na baba yake!

Kile kipande cha wakfu kilikuwa kimejaa magugu na chupa tupu. Mama Goreti akaomba mbele ya baraza apande humo maharage na lengalenga, ambayo sisi tunaiita mchicha. Baba Imani mwenyewe ndiye aliyemjibu kwamba apande tu, Mungu hawezi kuchukia mboga. Mama akalima. Akavuta maji kwenye bomba la kiwanja, bustani ikastawi. Siku ya michezo baraza zima lilikula maharage yale na ugali, likaongeza, likalamba vidole. Akili zenu ziwe hapo, wasomaji. Walilamba vidole!

Basi ukaja wakati wa kuchagua mwenyekiti. Baba Imani alikuwa amekikalia kiti kile tangu mwanzo, na kilikuwa kimemnogea. Alikuwa akialikwa huku na huko kama kiongozi wa jamii, picha zake akiwavisha wakimbiaji mataji zikawa zinazunguka kwenye simu za watu. Mama Goreti akatoa hoja kwamba uenyekiti uzunguke, kila jumuiya iuonje. Wakongo wakamuunga mkono. Mume wangu hakubishana. Alitabasamu tu, akaandika kitu, akaniambia twende nyumbani.

Kumbe moyoni alikuwa Delfi!

Maana alikwisha kunisimulia jinsi baraza lile lilivyooza. Msemaji mmoja wa Athene alisimama siku moja akawashitaki watu wa mji wa jirani kwamba wamelima ardhi takatifu. Wajumbe wakapandwa na hasira, na kesho yake watu wakateremka na majembe kwenda kubomoa. Ikazuka vita, na mwishowe akaitwa mfalme wa Makedonia awe kiongozi wao. Na mfalme huyo tayari alikuwa ameketi barazani kwa kura mbili za watu wengine waliofukuzwa! Baba Imani alinisimulia hayo akitikisa kichwa. Nilidhani anasikitika. Kumbe mwenzangu alikuwa akijifunza.

Jumapili ya mkutano nilikuwa kazini. Nilimwacha Imani kwa Mama Goreti kama kawaida, nikijua wataingia ukumbini pamoja. Jioni nikaendesha gari hadi Minto kumchukua. Niliyoyakuta pale... bado nikikumbuka mate yananijaa mdomoni.

Watu wazima, wenye heshima zao, wengine bado na suti za kanisani, walikuwa wameinama wanang'oa bustani kwa majembe na sepetu. Maharage yalikuwa yametoa maua tu. Walikuwa wakiyakanyaga na viatu vyao vilivyopigwa rangi. Bomba lilikuwa limefungwa mnyororo na kufuli. Mama Goreti amesimama kwenye uzio wake, amemshika mwanangu mkono.

Nilimkimbilia nikauliza kumetokea nini. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akasema, "Hata wewe, Mama Imani? Mimi nilikukosea wapi?"

Sikuelewa. Imani ndiye aliyenielewesha, huku analia. "Dad put both hands up," aliniambia. "He said one was yours. I told them you didn't know!" Mtoto alikuwa amewaambia wote kwamba mimi sijui lolote.

Jamani! Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya baraza akamshitaki Mama Goreti kwa kulima ardhi ya wakfu, ardhi ambayo alimruhusu kwa kinywa chake mwenyewe. Wakenya aliwaahidi usimamizi wa mbio, wakaafiki. Wakongo wakakataa, Waganda wakagawanyika kura moja kwa moja, na Warundi hawakuruhusiwa kupiga kura kwa kuwa ndio walioshitakiwa. Kisha yeye akainua mikono yote miwili, wa kwake na wa kwangu. Zikawa kura tano kati ya nane; bila yangu zingekuwa nne, nusu tu, na shauri lile lingekwama. Mama aliyenikanda miguu alifukuzwa barazani, yeye na watu wake wote, kwa mkono wangu mimi!

Na kura mbili za Warundi? Siku hiyo hiyo zilipewa umoja wa wanafunzi wa chuoni kwake, vijana aliokuwa akiwasaidia kusahihisha kazi zao. Hawakuwa hata na timu ya mpira.

Nyumbani nilimkuta anakunywa chai. Nilimuuliza amewezaje. Hakupandisha sauti, na afadhali angenipigia kelele. Alinijibu taratibu kwamba utaratibu unaruhusu. "It's procedure, mke wangu. Hukuwepo, nikakuwakilisha."

Nikamuuliza, na kile kiapo cha maji je? Hamkuapa nyote?

Akaweka kikombe chini. Akanieleza, kama anavyoeleza darasani, kwamba kiapo kinamlinda mwanachama, na Mama Goreti baada ya kufukuzwa si mwanachama tena. Kwa hiyo hakuna kiapo kilichovunjwa. Akaongeza kwamba historia ndivyo inavyokwenda, nisiichukulie moyoni.

Nilikwenda bafuni nikatapika. Huyu ndiye mwanamume niliyemzalia?

Nilijaribu kusema. Mkutano uliofuata nilisimama nikatamka kwamba kura ile haikuwa yangu. Mzee mmoja wa Kikenya, mtu wa ofisi mwenye miwani ya kamba, akanikatiza. "Shemeji, hizo ni story za bedroom, mkamalizane huko." Wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka! Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Nilikwenda kwa Mama Goreti. Alifungua mlango nusu. Alinipa nguo za Imani zilizobaki kwake, amezifua na kuzipiga pasi, amezikunja vizuri. Akaniambia salamu yangu haikatai, lakini mtoto nisimlete tena. Ilikuwa kiangazi cha joto kali mwaka ule, na ukitazama juu ya uzio unaona ardhi imepasuka, kufuli linang'aa juani. Haikupita muda akahama, akaenda jimbo lingine kwa mpwa wake.

Mimi nilibaki. Mtaniuliza, ulibakije? Nilijiambia mtoto anahitaji baba. Nilijiambia anamaliza masomo, hasira zitapoa. Nikawa nalala nimempa mgongo. Sauti yake tu ikisema Delfi, ngozi ilinisisimka kama nimekanyaga konokono kwa miguu peku.

Mwaka ukazunguka, michezo ikakaribia tena. Baba Imani akaingia jikoni amechangamka, akaniambia kwamba wageni wanaulizia chakula cha michezo iliyopita. Akaniomba nipike maharage na mchicha... na nijitahidi yawe kama yale ya Mama Goreti, maana watu waliyapenda sana!

Wasomaji wenzangu, nilizima jiko. Nikaingia chumbani, nikapakia nguo zangu na za mwanangu, na yeye amesimama mlangoni ananiuliza kwani kasema nini kibaya. Mpaka leo nadhani hajui. Yeye sasa ni Daktari, ana kiti chake, na nasikia baraza limebaki na vibaraka watupu. Wakongo na Waganda walishaondoka. Wakenya nao, waliodhani wamepata, hawasikilizwi tena.

Nilipotulia hapa Penrith nilitafuta namba ya Mama Goreti mpaka nikaipata. Nilikuwa na hamu moja tu, ajue kwamba sikumsaliti. Nilimweleza yote huku nalia: nilikuwa kazini, sikujua lolote, mkono ule haukuwa wangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole wake ule ule:

"Mama Imani, mimi nilikuja nikajua haikuwa mkono yako. Mtoto alisema mbele ya wote, siku ile hasira ikanizuia kumusikia, lakini mtoto haongope. Kile kilinichoma ni kingine. Wewe ulijua ni mkono ya bwana yako... na mwaka muzima ukaendelea kumupikia."

Aliniomba nimsalimie Imani, akatutakia heri, akakata simu. Nimempigia tena mara nyingi. Hapokei.

Dada zangu na kaka zangu, mimi yaliyonipata yamenipata. Nawasihi msipite nilikopita. Mtu akikudhulumia mwenzako kwa kutumia jina lako, awe mume, awe mchungaji, awe msomi wa vitabu vya kale, usimngoje apoe, usiseme tutayamaliza ndani. Toka siku hiyo hiyo! Mwombee radhi aliyeumizwa akiwa bado amesimama kwenye uzio wake, maana akishahama, hata ukweli wako wote hautamrudisha.