Mchungaji wa Nondo na Ukungu Wake

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Bryony Oldershaw huwa ameshaketi dirishani na brashi mkononi. Ana miaka kumi na miwili, na baba yake humwita mara tatu kabla hajasikia.

"Bryony! Mkate na maharage vinapoa huku!"

Hasikii kwa sababu hayupo nyumbani. Yupo kinamasini.

Kinamasi chenyewe ni sanamu ndogo isiyozidi urefu wa kidole gumba. Mwanamke mzee amesimama juu ya mzizi, ameinua kandili, na nondo watatu, wale vipepeo wa usiku, wanaizunguka. Watu huzinunua sanamu hizo kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani, lakini Bryony hakuwa na haja ya vita. Alimwita yule mzee Mchungaji wa Nondo. Kila alipoipaka shali yake tabaka jingine la kijani, chumba kilififia, akasikia matope yakinyonya viatu vya yule mama na mabawa yakipapatika kuizunguka taa. Alikuwa amemshughulikia tangu Septemba. Nyusi peke yake zilimchukua siku mbili.

Jumamosi hiyo haikuwa kama nyingine. Kundi la wapaka sanamu, linalokutana saa nne katika ukumbi wa kanisa mtaani Sneinton, lilikuwa na siku ya maonyesho. Kila mtoto alileta sanamu moja iliyokamilika, na ile bora ingewekwa katika kabati la kioo msimu wote wa baridi. Bryony alilitamani kabati lile kuliko zawadi yoyote ya Krismasi. Kazi iliyobaki ilikuwa vanishi tu, ile ya kupuliza, ili rangi isichubuke watu wakiishika.

Nje mvua ilikuwa ikinyunya.

"Mkebe umeandikwa hapa, siku kavu tu," baba yake alisema huku akifunga vifungo vya sare yake ya udereva wa tramu. "Subiri ikatike."

"Ikatike lini, Baba? Hii ni Nottingham!"

"Basi mpeleke bila vanishi. Dunia haitaanguka."

Baba alipopanda juu kutafuta kofia yake, Bryony alichukua mkebe, akatoka mpaka mlango wa banda la bustani na kupuliza haraka haraka kutoka chini kwenda juu. Upepo ukaibeba nusu ya vanishi. Nusu iliyobaki ilitua kwenye mzizi na sketi, ikachanganyika na unyevu wa hewa, na mbele ya macho yake kila kitu kikaanza kuwa cheupe. Matope yakapotea. Pindo la sketi alilolihangaikia wiki nzima likafunikwa. Machozi yalimlenga.

Kisha akatazama tena. Uso na kandili vilikuwa vimenusurika. Kuanzia kiunoni kwenda chini, Mchungaji wa Nondo alikuwa akitokea ndani ya ukungu, kama anayeiota njia badala ya kuitembea. Lilikuwa jambo zuri kupita chochote alichowahi kukipaka, na hakuwa amelipaka yeye.

Ukumbini, Bi Maureen Hallam, kiongozi wa kundi, alipita meza kwa meza. Alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka thelathini akirekebisha lesi zilizochanika, na jicho lake halikupitwa na kitu. Sifa yake kubwa kabisa ilikuwa "si mbaya sana". Alipofika kwa Bryony alimwinua Mchungaji, akampeleka dirishani, akakaa naye huko muda mrefu.

"Bata wangu," alisema hatimaye, maana wazee wa pale humwita hivyo kila mtu, hata padri. "Huu ukungu umeupakaje?"

Bryony alifumbua mdomo aseme kweli. Lakini watoto wote walikuwa wamejikusanya wakimtazama, na kwa mara ya kwanza walimtazama kwa wivu.

"Ni tabaka jembamba jembamba tu, Bi Hallam."

"Mimi mwenyewe sijawahi kuupata hivi. Kabati ni lako. Na Jumamosi ijayo utatufundisha sote."

Wakati wa kuvaa makoti, Jarvis Wragg alimng'ang'ania mkono. Jarvis alikuwa rafiki yake wa meza moja, na sanamu yake ilikuwa ya shujaa aliyepanda beberu mwenye pembe kubwa.

"Niambie sasa hivi, bwana. Wiki nzima ni ndefu!"

"Subiri zamu yako."

"Aa, ushaanza kuringa! Siku moja tu kabatini!"

"Haya basi," Bryony alisema, ili amwachie mkono tu. "Rangi nyeupe, maji mengi, unamwagia. Inajikusanya yenyewe."

Jarvis aliondoka mbio.

Wiki ile Bryony alijaribu kutengeneza ukungu kwa mikono yake. Alichukua vipande vya mabaki ya plastiki, akapaka. Kimoja kilitoka kama chaki, kingine kama uji uliofurika sufuriani. Alipoketi dirishani, kinamasi hakikufunguka. Chumba kilibaki chumba, na baba alipoita mara moja tu alisikia. Aliona aibu, na aliiogopa Jumamosi.

Ilipofika, viti vilikuwa vimepangwa nusu duara. Jarvis alikaa nyuma kabisa, boksi lake limefungwa mapajani.

"Beberu wako yuko wapi?" Bryony alimuuliza.

Jarvis alifungua polepole. Yule shujaa, ambaye kila pete ya vazi lake la chuma ilipakwa peke yake tangu likizo ya kiangazi, alikuwa amejaa michirizi myeupe. Macho yake yalikuwa yamezibwa.

"Nilifanya kama ulivyosema," Jarvis alinong'ona. "Ni mikono yangu hii. Baba anasema ni ya kushika koleo. Nadhani nitaacha kupaka, nitabaki kucheza tu."

Hakukasirika hata kidogo. Bryony angeona nafuu kama angekasirika.

"Haya, bata wangu, tuko tayari," Bi Hallam aliita.

Bryony alisimama mbele, brashi mkononi.

"Sijui kuupaka," alisema. "Nilipuliza vanishi kwenye mvua, ikaharibika. Ukungu ni ile vanishi iliyoharibika. Na Jarvis nilimdanganya."

"Tapeli!" mvulana mmoja wa mbele alipiga kelele, na wengine wakacheka. Jarvis aliinua kichwa.

"Kwa hiyo si mikono yangu?"

"Si mikono yako. Nilijitungia tu pale kwenye makoti."

Hapo ndipo Jarvis alipowaka. "Miezi mitatu, Bryony! Miezi mitatu nimempaka yule beberu!"

Bi Hallam hakumkaripia yeyote. Alimgeuza beberu kwenye mwanga. "Ulimpaka vanishi kabla ya huo weupe?"

"Ndiyo, kwa ajili ya maonyesho."

"Basi kazi yako bado ipo chini. Na rangi iliyojaa maji hivi haishiki vizuri. Bryony, kuna mswaki wa zamani jikoni, na sabuni. Maji ya vuguvugu. Taratibu."

Bryony alisugua kwa saa nzima, pete moja baada ya nyingine, mpaka macho ya shujaa yakatazama tena. Alipomrudisha, Bi Hallam alinyofoa kipande cha sponji, akakichovya kidogo kwenye rangi ya kijivu, akakikandamiza juu ya karatasi mpaka kikaonekana hakina kitu.

"Gusa. Acha ikauke. Gusa tena. Ukiona umefanya kitu, umeshaweka nyingi. Mpe mwenye beberu aanze."

Jarvis aligusa. Hakuna kilichoonekana. Bryony akashika zamu ya kukausha, akipuliza kwa mdomo. Tabaka la pili halikuonyesha kitu, wala la tatu. Kwenye la saba, kwato za beberu zilianza kuzama mahali ambapo jicho halikuweza kusema panaanzia wapi. Sauti za ukumbi zilimpotea Bryony. Alisikia kwato zikitembea juu ya majani yenye umande, kwa mbali, zikija.

Alinyanyuka, akamtoa Mchungaji wa Nondo kabatini na kumtia mfukoni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Kuharibu si neno," Bi Hallam alisema, akiwageukia wote. "Mimi nilipitisha mkasi katikati ya lesi ya bibi harusi, siku mbili kabla ya harusi. Lakini ukilificha kosa lako, mwenzako aliye pembeni anadhani ni yeye peke yake anayekosea. Anaitazama mikono yake, anaiona mibovu, anaacha. Bryony amechelewa kusema, ila amesema, na leo mmejifunza ukungu kwa sababu hiyo. Haya, nani mwingine ameharibu kitu wiki hii?"

Msichana mmoja akainua mkono. Wakafuata wengine wawili. Mwisho kabisa, akitazama sakafu, akainua yule aliyepiga kelele ya "tapeli".

Jarvis hakuinua macho kutoka kwa beberu wake.

"Bryony," alisema, "sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Akasogea, lakini si mbali.