Dada Mdogo wa Gotu

"Mama amesema atamlea mtoto wangu kama wake," Karambu alisema, macho kwenye cherehani. "Nikirudi shule, mimi nitakuwa dada yake tu. Mwalimu, si hiyo ni sawa?"

Jecinta aliacha kukata kitambaa. Kila Jumamosi, akishafunga duka la nguo alilofanyia kazi mtaa wa Wabera, alikuja kujitolea katika makao haya ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Isiolo, kuwafundisha ushonaji wasichana waliozaa wakiwa bado watoto. Maswali ya pindo na zipu aliyajibu yeye. Yale mazito aliyasukuma kwa matroni, lakini leo matroni alikuwa amekwenda sokoni, na juu ya ngazi, akibadilisha waya za taa, alikuwa Mugendi.

Fundi huyu alikuja makao mwaka uliopita kurekebisha sola, akasema kazi ya Mungu haina malipo, na tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja. Sola ilikuwa imepona zamani. Wasichana walijua, matroni alijua, hata watoto wa kutambaa nadhani walijua kilichokuwa kinamleta. Sasa mambo yalikuwa yameiva: Jumamosi iliyofuata wazee wake wangeshuka kutoka Meru hadi Gotu, nyumbani kwa kina Jecinta, kubisha hodi kwa heshima na kuposa.

Tatizo lilikuwa huko huko Gotu. Kulikuwa na Akidor, msichana wa miaka minane, ambaye Mugendi alimjua kama dada mdogo wa Jecinta, kumbe ni binti yake wa kumzaa. Kwao Jecinta, mtoto anayezaliwa kabla ya mahari huhesabiwa kuwa wa babu yake, na babu ndiye anayeitwa baba. Jecinta alipojifungua akiwa kidato cha pili, wazazi wake walimchukua mtoto, na hakuna jirani aliyeona ajabu. Mugendi, mtu wa Meru, angejulia wapi? Jecinta alijiambia atamwambia kesho, na kesho hiyo ikazeeka ikawa mwaka.

"Mwalimu? Mama anakuja kumchukua jioni hii. Nimwambie nini?"

Jibu la haraka lilikuwepo. Angeweza kumwambia aombe, aende polepole, amngoje matroni. Jecinta alitazama ngazi. Akifungua mdomo hapa, huenda wageni wa Gotu wasije kamwe. Akinyamaza, mtoto wa Karambu angeondoka jioni hiyo akiwa na mama mwingine.

"Kwa mama yako atakula, atavaa, atasoma," alisema. "Hapo hakuna shida. Lakini siku moja ataanguka, na wewe utakuwa umesimama karibu naye kabisa. Atakupita akilia, akimbilie mama yako. Na huwezi kusema kitu, kwa sababu ulikubali."

"Umejuaje?"

"Wangu anaitwa Akidor. Ako Gotu. Huniita Jecinta."

Juu ya ngazi, kazi ilisimama. Mugendi alishuka, akapanga vifaa vyake sandukuni, akawaaga wasichana kwa adabu zake za kawaida. Jecinta alimfuata hadi langoni.

"Mugendi, ngoja."

"Ni yule nilimpelekea viatu vya shule?"

"Ndiye."

"Mwaka mzima nakuuliza, dada yako mdogo anaendeleaje? Na wewe unanijibu, bila hata kushtuka."

"Niliogopa utaniacha."

"Mtoto hangenifukuza." Akawasha pikipiki. "Hii ya kudanganywa ndiyo sijui nitaiweka wapi."

Jioni hiyo Karambu alimwambia mama yake kwamba nyumbani watarudi wawili, yeye na mtoto wake, na mtoto atamjua mama yake ni nani. Mama alifoka, akalia, mwishowe akaketi akamshika mjukuu. Jecinta aliwatazama kwa furaha, na wivu nao ukamchoma, sitaki kuficha.

Jumapili alimwandikia Mugendi: "Nisamehe. Sikukuficha kwa dharau. Nilikuwa nimezoea kumficha Akidor hata nikiwa peke yangu."

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja. Dukani alikosea kupima, akawapa watu nguo za saizi za wengine, mpaka tajiri wake akamuuliza kama ni malaria. Kilichomuuma zaidi hakikuwa hata ile posa. Aliwaza Akidor atakua, ataolewa, atazeeka akimwita Jecinta, na yeye ataitika. Alhamisi simu ikalia.

"Nimewaambia wazee wangu," Mugendi alisema.

"Wamesemaje?"

"Mjomba M'Ikiara anasema turudi nyuma mapema, kabla hatujaingia sana."

"Na wewe?"

"Mimi nimekasirika. Hata hiyo Jumamosi nitakuwa bado nimekasirika. Lakini nitakuja hivyo hivyo."

Jecinta alikaa chini kwenye marobota ya mitumba. "Kwa nini uje?"

"Kwa sababu ulijua niko pale juu, nasikia, na bado ulimwambia Karambu ukweli. Mtu wa hivyo naweza kujenga naye. Lakini usinidanganye tena, Jecinta. Sina moyo wa mara ya pili."

"Sitakudanganya."

Jumamosi hiyo, huko Gotu, wageni waliketi chini ya turubai. Baada ya salamu ndefu na maombi, Mzee Ewesit, baba yake Jecinta, aliuliza lile swali ambalo kwao lazima liulizwe binti akiwa tayari na mtoto.

"Mnataka ng'ombe peke yake, ama na ndama?"

M'Ikiara alikohoa, akamtazama mpwa wake. Mugendi akaomba ruhusa ya kusema.

"Mzee, tumekuja kwa ajili ya wote wawili, ukikubali. Lile linalotakikana kwa mtoto, tutalitoa. Lakini naomba mtoto mwenyewe aulizwe. Hapa ndipo alilelewa."

Mzee alimgeukia mkewe, aliyeketi kando yake. Yeye akainamisha kichwa.

"Kumtoa, naweza," mzee alisema. "Kumwambia, siwezi. Jecinta aende amwambie mwenyewe. Sasa hivi."

Jikoni, Akidor alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, akiosha vikombe. Jecinta alichuchumaa naye. Maneno aliyoyapanga kwa miaka yalimtoroka yote.

"Akidor, mimi ndiye nilikuzaa. Si Mama. Ni mimi."

Mtoto aliendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa kimetakata tayari.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu yangu?"

"Hapana. Yangu mimi. Wewe hukuwa na kosa, hata siku moja."

"Lazima niende na nyinyi?"

"Si lazima. Ukitaka kukaa hapa na baba, utakaa, na mimi nitakuwa nakuja. Nimechoka tu kukudanganya."

Akidor alifikiri. Hakumkumbatia wala hakulia. Alimsukumia beseni, akakausha mikono kwenye sketi, akabeba sinia ya chai kwenda nje. Jecinta akabaki na vikombe, akiviosha bila kuviona, masikio yote yakiwa kwenye turubai.

"Jecinta yuko wapi?" mzee aliuliza.

"Mama anaosha vikombe."

Yule ambaye Akidor alimwita Mama tangu ajue kusema alikuwa ameketi pale pale mbele yake, mikono mikavu mapajani. Alimtazama mtoto, akatazama jikoni, kisha akapokea sinia.

"Mwambie akimaliza aje akae na wageni wake," alisema.