Rekodi Moja Tu, Mpenzi

"We dada! Toa huo mnyororo kwenye gari langu!"

Ilka Bodnar hakugeuka. Alikuwa amepiga goti kwenye lami ya Mtaa wa Erie, fulana yake ya njano ya kung'aa imechafuka grisi, buti miguuni, midomo imepakwa rangi nyekundu ya kwenda nayo harusini. Nyuma yake soko la Jumamosi lilikuwa limefurika: akina mama na vikapu vya maboga, foleni ya soseji za Kihungaria, mlevi mmoja akiimba wimbo wa Mafundi Vioo, timu ya mpira wa Kimarekani inayowaliza watu wa Toledo kila Jumapili nao wasikome kuipenda.

"Umeziba mlango wa zimamoto, bwana," alisema.

"Dakika tano tu! Nilikuwa nanunua matofaa."

"Na moto nao ungekungoja uchague yaliyoiva?"

Mwanamume alivuta pumzi. Alikuwa mrefu kupita kiasi, koti la sufu hadi magotini, kofia ya kufuma imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alivua miwani ya jua taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. "Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Roscoe Tillery, namba kumi na mbili. Jumapili umewarushia wapinzani mipira mitatu bila kuombwa. Leo na sisi tupe gari."

Foleni ya soseji ilipasuka kwa kicheko. "Mvute na mwenyewe, Ilka!" mtu akapiga kelele. "Huenda tukaletewa mrushaji anayeona!"

Roscoe alicheka pia, na hilo ndilo lililomkera Ilka. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Ikabidi ampakie kwenye lori lake la kuvuta magari yaliyoegeshwa vibaya, hadi kwenye yadi ya kampuni, maana gari lake lilikuwa limening'inia nyuma yao, na mfuko wa matofaa ukawa katikati yao kitini.

"Huwa unakuja uwanjani?" Roscoe aliuliza.

"Nimezaliwa uwanjani. Mnapoegesha magari na kuchoma nyama kabla ya mechi, karibu na lango la mashariki, pale ndipo lilipokuwa jiko la bibi yangu. Waliahidi kila familia nyumba nyingine. Bibi amekufa akiwa chumba cha kupanga."

"Pole. Lakini mimi sikubomoa."

"Hakuna aliyebomoa. Muulize yeyote pale ofisini kwenu. Nyumba zilichoka, zikalala zenyewe."

Mtu mwingine angetazama dirishani. Roscoe alimpa tofaa. "Nionyeshe," alisema. "Siku isiyo na mechi. Nionyeshe jiko lilipokuwa."

Alimwonyesha. Mapenzi yakaanzia hapo, kwenye lami tupu yenye mistari myeupe, na Ilka hakujisamehe kwa wiki nzima.

Sasa mapenzi na mrushaji wa timu si mapenzi na mtu mmoja. Kila mpira wa mchezo ule huanzia mikononi mwake, na kila yadi ambayo mpira unasonga baada ya kurushwa na kudakwa huandikwa kwa jina lake, mwaka baada ya mwaka, kama deni la serikali, halipungui. Roscoe alikuwa na miaka thelathini na tisa. Magoti yake yalilia kama mlango wa stoo. Alipomwambia Ilka, "Nikifika yadi elfu sitini naacha, tunafunga ndoa," Ilka aliamini, kwa sababu alimwambia akiwa amelaza kichwa mapajani pake, anakula keki ya mbegu za mipopi, anajimwagia makombo kifuani.

Zikafika. Mechi ikasimamishwa, akapewa mpira, watu wakalia.

"Hongera, laazizi," Ilka alisema kwenye simu. "Nimeshaongea na padri."

"Kipenzi, sikiliza. Kuna mabao mia tano."

"Mabao gani tena?"

"Ya kurusha. Nimebakiza tisa. Unaacha vipi ukiwa umebakiza tisa? Rekodi moja tu, mpenzi."

Mabao mia tano yakapatikana Novemba, kwenye mvua. Ikaja mechi ya mia mbili na hamsini bila kukosa hata moja, klabu ikamchongea sanamu ya kioo yenye pua isiyo yake. Ilka aliiweka juu ya friji akaitundikia taulo. Kisha ikabaki ile kubwa, mama yao wote: yadi nyingi kuliko mrushaji yeyote aliyewahi kuvaa njumu. Roscoe akasaini msimu mwingine bila kumwambia. Ilka alizisikia habari kwenye redio ya lori, akiwa anavuta gari la mtu anayelia.

"Umesaini!"

"Nilitaka nikwambie usoni kwako, mama."

"Uso wangu unakaa nyumba moja na wako, Roscoe! Ungegeuka tu kitandani!"

"Huo ndio wivu wako wa rekodi."

"Mimi nionee wivu yadi? Mimi nimekaa na yadi zenu maisha yangu yote. Zimepita jikoni kwetu!"

Wakapatana, kama kawaida yao. Roscoe aliahidi kuja ukumbi wa kanisa, Jumanne ya kwanza ya Desemba, kumposa mbele ya ukoo wote wa Bodnar. Shangazi zake walipika kabeji zilizoviringwa na nyama, sufuria nne. Ilka alivaa gauni la kijani la mahameli na hereni za bibi. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita. Mjomba mmoja akasema watu wakubwa huchelewa. Shangazi mmoja akasema watu wakubwa hawaji. Kwenye televisheni ya ukumbini akaonekana Roscoe, suti ya buluu, kwenye karamu ya wadhamini, anacheka na mkuu wa habari wa klabu, bwana Whitlow.

Ilka alitoka nje na gauni lake, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kwenye hii shughuli ya Whitlow, kipenzi. Inachosha. Umekula?"

"Umekula! Roscoe, watu arobaini wanakungoja!"

"Wanangoja nini?"

Alikuwa amejiandaa kwa visingizio, anavijua vyote. Ile sauti haikuwa na kisingizio. Ilikuwa ya mtu aliyeulizwa jina la jirani ilhali hana jirani. Lakini hasira ina masikio yake, na usiku ule masikio ya Ilka yalisikia dharau tupu.

"Usirudi kwangu," alisema. "Nenda kaoe bwana Whitlow."

Siku tatu hakushika simu. Siku ya nne Roscoe alimkuta kwenye yadi ya kampuni, akapanda kwenye lori bila kukaribishwa, uso umevimba kwa kukosa usingizi.

"Sikukudharau. Sikukumbuka. Kabisa, Ilka. Kama vile hukuwahi kuniambia." Alitazama mikono yake. "Jumapili, kwenye mechi ya Memphis, nilipigwa kichwa. Nilirudi nikakaa kwenye benchi la wapinzani. Vijana wakanishika mkono, wakanigeuza, kamera haikuona."

"Na daktari?"

"Alinipima Jumatatu. Nikafaulu."

"Umefauluje na wewe hujui unaposa wapi?"

Akasema jambo ambalo wote wanaovaa jezi ile wanalijua, wala hakuna anayelisema. Kila Agosti, kabla ya msimu, wanapimwa kumbukumbu wakiwa wazima, ili wakipigwa wapimwe tena na kulinganishwa. "Sasa Agosti unajifanya mzito. Unasomewa maneno kumi, unayakumbuka yote, unataja matano. Ukija kupigwa, hata ukitaja matano, unaonekana uko vilevile. Unarudi uwanjani."

"Wote?"

"Sijui wote. Wengi. Ni ujanja wa kazi, mama. Hata mimi kichwa changu ni kizima, ni ule uchovu tu."

Ilka alizima injini. "Chungwa," alisema. "Ngazi, kengele, mto, kisu, shati, daraja, sabuni, farasi, kitasa. Rudia."

"Ilka, acha utoto."

"Rudia."

Akarudia saba, anatabasamu. Ilka akamwacha. Wakazungumza habari ya gari la mchungaji lililovutwa, wakabishana nani alivunja kikombe cha bluu, Roscoe akala kipande cha mkate. Baada ya muda Ilka akamwambia, "Haya. Yale maneno. Yote, usijifanye mzito."

"Chungwa." Alikunja uso. "Kisu." Vidole vyake vikagongagonga dashibodi. "Kulikuwa na... cha kupita juu ya maji. Daraja."

"Endelea."

Lori lilikuwa kimya kiasi cha kusikika injini inavyopoa. Roscoe aliangalia mbele, midomo inatembea bila sauti, na Ilka akamwona anavyotafuta kwa dhati, mtu mzima, kama anayepapasa ukuta wa chumba chake mwenyewe akitafuta swichi.

"Najifanya," alisema mwishowe. Hakuweza hata kulisema vizuri.

"Kamwambie daktari. Leo."

"Jumapili. Nimebakiza yadi mia mbili na kumi na nne. Ninazipata kabla ya robo ya tatu kuisha, halafu namwambia. Naapa kwa mama yangu."

"Na ukipigwa kabla hujazipata?"

Roscoe alimbusu mkono wenye grisi akashuka.

Ilka alipiga simu klabu. Aliongea na mwanamke aliyemsubirisha, na mwanamume aliyemsikitikia, kisha bwana Whitlow mwenyewe, sauti laini kama siagi iliyoachwa nje. "Bi Bodnar, tuna madaktari bora nchini. Tunakuelewa, wapenzi huwa na hofu. Tukufanyie hivi: rekodi ikivunjwa mechi itasimama, familia hushuka uwanjani kupiga picha. Tutakutumia kibali cha kushuka. Na kofia nzuri ya ukumbusho."

Kofia! Walimbomolea bibi yake wakampa keki na picha ya meya. Watu hawa wakikunyang'anya kitu hukuachia kitu cha kuvaa.

Jumapili theluji ilikuwa inapepea. Watu elfu sabini, pumzi zao zinapanda kama moshi wa kiwanda. Ilka alikaa safu ya kwanza, koti jekundu la sufu, kibali kimening'inia shingoni, kofia ya ukumbusho ameikalia. Robo ya kwanza Roscoe alirusha kama kijana. Robo ya pili aliangushwa na jitu la kilo mia moja na hamsini, akainuka pole pole, akasimama akiwatazama wenzake kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Mmoja akamgeuza kwa bega. Uwanja ukashangilia ujasiri. Ilka peke yake ndiye aliyepiga kelele nyingine, wakamwambia akae chini.

Robo ya tatu ikaja yadi thelathini na moja kwa mrusho mmoja, mpira ukazunguka hewani ukapenya theluji, ukadakwa. Rekodi. Filimbi ikalia, mechi ikasimama, fataki, muziki, jina lake limeandikwa angani kwa taa. Bwana Whitlow akamshika Ilka kiwiko akamteremsha. "Tabasamu, Bi Bodnar. Dakika mbili tu, halafu arudi kazini."

Roscoe alikuwa katikati ya uwanja, mpira wa rekodi mkono mmoja, helmeti mkono mwingine. Alimkumbatia Ilka, jasho na barafu.

"Nimeipata, mpenzi."

"Umeipata. Tunacheza na nani?"

"Nini?"

"Leo, Roscoe. Wale pale wenye jezi nyeupe. Ni timu gani?"

Aliwatazama wale wenye jezi nyeupe. Aliwatazama kwa muda mrefu, na watu elfu sabini wakadhani analia kwa furaha.

Kuna jambo ambalo hata mpenzi wa kawaida wa mchezo ule anajua: mchezaji akishaonekana hayuko sawa, mtu wa timu humnyang'anya helmeti akaificha, maana bila helmeti refa hamruhusu kuingia, na mwenyewe kwa hiari yake hatoki kamwe. Hapo palikuwa na makocha sita na madaktari watatu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ilka akanyoosha. Akaichukua helmeti, akaibana kwapani, akaanza kutembea.

"Bi Bodnar!" Whitlow alikuwa anatabasamu kwa meno, kwa ajili ya kamera. "Anaihitaji hiyo!"

"Mwambie aje aichukue."

Uwanja ulicheka kwanza, kisha ukazomea. Mtu wa vifaa akaja mbio na helmeti ya akiba. Ilka alisikia nyuma yake, "Hii hapa, mzee, vaa, vaa upesi," akajikaza asigeuke. Alifika mstari wa pembeni. Alifika kwenye mdomo wa njia ya kwenda vyumbani. Nyayo za njumu zikasikika nyuma yake juu ya saruji, moja nzito kuliko nyingine.

"Umeniaibisha," Roscoe alisema. Mikono yake ilikuwa mitupu, bila mpira wala helmeti.

"Bado sijaanza."

Daktari alikuja nyuma yao anahema. Roscoe akamwambia, "Yale matokeo ya Agosti ni uongo. Nipime upya, kama mtu mgeni." Kisha akateleza akakaa chini sakafuni, ukutani. Huko nje walikuwa wameshaanza kuliimba jina la mrushaji wa akiba.

"Ilka. Nikuoe?"

"Leo sijibu. Hata huijui timu unayocheza nayo. Niulize kesho. Ukikumbuka kwamba uliniuliza, nitakubali."

Asubuhi simu iliita akiwa anapasha injini ya lori. Walikuwa wamemlaza hospitali, mapazia yamefungwa, haruhusiwi televisheni.

"Habari ya asubuhi, kipenzi."

"Nzuri. Kichwa?"

"Kinagonga. Nakumbuka theluji. Nakumbuka ulikuwa umekasirika."

"Mimi hukasirika kila siku. Kingine?"

Ilka alishika usukani kwa mikono yote miwili, simu imebanwa begani. Alimsikia anapumua, anatafuta, anaacha.

"Hapana," Roscoe alisema. "Baada ya hapo hakuna kitu. Lakini nilitaka kukuuliza jambo, usinicheke, nimekaa nalo tangu nilipoamka. Utakubali nikuoe?"

Magari mawili yalipiga honi nyuma ya lori lake. Ilka akayaacha yapige.

"Nakubali, mpumbavu wewe," alisema. "Na nitakukumbusha mimi."